Mstari wa Mama kwenye Wimbo wa Watu

Katika maandalizi yote ya harusi ya mdogo wangu, mama alitoa amri moja tu, na aliitoa kwangu, kwa sababu kamati ilikuwa imenikabidhi muziki. Kwa nini kamati ilinikabidhi mimi muziki, sijui. Mimi ni fundi baiskeli hapa Ifakara, nimeishia darasa la saba, na sijawahi kushika gita. Nadhani walisema, huyu redio ya kibandani kwake haizimwi, basi anajua. Kusikia redio na kujua muziki ni vitu viwili, lakini sikubisha.

“Ningoje Ng’ambo usipigwe,” mama akasema.

“Mama, harusi gani ya bonde hili imewahi kwisha bila Ningoje Ng’ambo?”

“Hii.”

“Na watu wakiuliza?”

“Waambie umepotea. Waambie umeliwa na panya. Si wewe ndiye mwenye muziki?”

Niueleze wimbo wenyewe kwanza, maana asiyeujua atamwona mama ni mtu wa ajabu, na mama si mtu wa ajabu sana.

Wimbo uliletwa na bendi moja ya dansi, enzi za magita na tarumbeta. Mimi nilikuwa sijazaliwa, au nilikuwa mgongoni. Mama hakumbuki, na mimi siwezi kutoa ushahidi. Mwanamume anaimba kwamba amekwama, mto umefurika, na mpenzi wake yuko upande wa pili:

Ningoje ng’ambo, ningoje,
maji yakipungua nitavuka,
ukiniona nimechelewa
usimpe mwingine kiti changu.

Basi. Ubeti mmoja, kisha tarumbeta muda mrefu, halafu ubeti uleule tena, kama mtu aliyesahau kwamba ameshasema. Marehemu baba alikuwa akiongeza sauti ya redio ukianza, anasimama mlangoni amekunja mikono, anatazama nje kama vile mto uko uani. Huku kwetu kila mtu anaamini mto huo ni Kilombero na kivuko ni kile chetu cha kabla ya daraja, ambapo kweli mtu aliweza kulala upande usio wake. Mimi pia niliamini hivyo, mpaka nilipotengeneza baiskeli ya mtu wa Rufiji aliyeapa kwamba mto ni wao. Kwa haki, wimbo hautaji mto wowote. Nilimwambia hivyo na hakufurahi. Niliwaambia na wa kwetu, nao hawakufurahi.

Miaka ikapita, kwaya ikauchukua. Mwalimu wa kwaya alisema aliupata ndotoni, na siwezi kusema hakuota. Labda aliota redio. Anayengoja ng’ambo akawa Bwana, mto ukawa mauti, na kiti kikawa kile cha mbinguni. Tarumbeta zikatoka, kikaingia kinanda cha umeme chenye ngoma ndani yake. Ulikuwa mzuri. Waumini walilia, pamoja na wale waliokuwa wameucheza wimbo huohuo baa juzi yake.

Halafu akaja mgombea mmoja wa zamani hizo, akaupakia kwenye gari la matangazo: ningojeni ng’ambo, mkinichagua nitavuka. Akachaguliwa. Katika wote waliourudia wimbo huu, nadhani yeye ndiye aliyeuimba kwa uaminifu zaidi, maana tunamngoja mpaka leo.

Wafugaji waliohamia bondeni na ng’ombe wao kutoka kanda ya Ziwa wana wa kwao, kwa Kisukuma, wenye ngoma nzito chini na mtu mmoja juu anayeimba kama anaita kutoka kilimani. Jirani yangu wa kibandani alinitafsiria: hapo anayengojwa ng’ambo ni kundi la ng’ombe linalovushwa. Nikamwambia, basi huo si wa mapenzi tena. Akanitazama kwa huruma. “Fundi,” akasema, “wewe hujawahi kuwa na ng’ombe.”

Na vijana nao wamepita nao. Kijana wa hapahapa mjini, aliyekuwa bodaboda, ameukimbiza mpaka unasikika kama umetiwa kwenye mashine ya kukoboa. Mto hakuna tena. Msichana anaambiwa angoje stendi. Sauti imepitishwa kwenye kompyuta hata hujui kama mtu anaimba au anasukutua. Nilisema ni upuuzi, nikalisema hilo mbele ya wateja, na wakati nalisema mguu wangu ulikuwa unapiga chini. Wateja waliuona.

Lakini toleo la kwetu Mbingu, nilikozaliwa, halijawahi kufika redioni, na tumshukuru Mungu.

Mpunga ukianza kuweka maziwa, kwelea kwelea wanashuka kama moshi uliokosa upepo. Familia inahamia shambani. Linajengwa dungu, yaani kijukwaa cha miti chenye paa la nyasi, na mtu anakaa juu yake tangu kunapopambazuka, anatupa madonge ya udongo kwa kombeo na kupiga kelele. Hiyo ndiyo kuamia ndege. Sasa kelele tupu zinakausha koo na kuchosha akili, kwa hiyo watu wanaimba; na ukiimba wimbo unaojulikana, wa dungu la jirani anakupokea, na wa mbele yake anampokea yeye, mpaka ndege wanakosa pa kutua. Kila mwisho wa ubeti mnapiga kofi moja kubwa na kutoa ukelele, “Swaaa!”, na hapo ndipo makombeo yanapoachiwa.

Ningoje Ng’ambo ulifaa kazi hiyo kuliko nyimbo zote, kwa sababu una ile nafasi ndefu ya tarumbeta. Dunguni hakuna tarumbeta. Basi mahali pake wanawake wa Mbingu wakawa wanatia maneno yao, kwa sauti ileile ya ubeti. Na desturi ni kwamba aliye juu ya dungu anaweza kumsema mtu yeyote, kwa kuwa anasema na ndege. Ukija kulalamika, unaulizwa: “Kwani wewe ni ndege?” Unageuka, unarudi nyumbani. Nimesikia wakisemwa mawifi, mwenyekiti wa kitongoji, na mwanamume mmoja aliyekuwa akila nyama peke yake kichakani. Hakuna aliyepelekwa popote kwa ajili ya hayo.

Ubaya wa wimbo wa kazi ni kwamba unaingia mwilini. Mtu wa Mbingu hawezi kuusikia Ningoje Ng’ambo, wa aina yoyote, mikono yake ikatulia. Siku kwaya ilipouimba mara ya kwanza kanisani, ubeti umekwisha, kinanda kimeshuka taratibu, kimya kitakatifu, bibi mmoja wa benchi la mbele akapiga kofi na kutoa “Swaaa!” iliyoamsha watoto wote. Padri akamtazama. Bibi akainama: “Nisamehe, baba. Niliona ndege.”

Sasa nifike kwenye mstari wa mama.

Msimu mmoja, mimi nikiwa kijana tayari na mpunga wetu umeshainamisha vichwa, ng’ombe waliingia shambani mchana kweupe. Mwenye ng’ombe alisema njia ya kwenda majini ilikuwa pale kabla ya jembe letu. Baba alisema jembe lilikuwa pale kabla ya njia. Walisuluhishwa, wakapatana namna walivyopatana, na mimi nimezifikiria pande zote mbili miaka hii yote na bado sijui nani alitangulia. Ninachokumbuka vizuri ni mwenye ng’ombe mwenyewe, mzee mrefu mwenye kofia ya pama, akiwatetea ng’ombe wake mmojammoja kwa jina. Huyu mwenye baka ndiye mchokozi, ndiye aliyewaongoza wenzake. Huyu mweupe mnamsingizia, huyu hawezi kula cha mtu. Na wakati anasema hayo, mtoto wake mdogo wa kike alikuwa anamvuta koti, “Baba. Baba. Baba,” mpaka mzee akageuka na kumwitikia kwa jina la mtoto mwingine.

Wanaume hawakuliona hilo. Mama aliliona. Kesho yake alipanda dunguni, na mahali pa tarumbeta akatia:

Mwenye ng’ombe, e mwenye ng’ombe,
kila ndama wamjua jina,
mtoto wako akikuita baba
wauliza: huyu ni wa nani?

Swaaa!

Kabla jua halijafika utosini ulikuwa umefika dungu la mwisho. Mavuno yalipokwisha watu walirudi nao makwao, Mngeta, Mlimba, kila mahali. Kuna mteja aliniimbia mimi kibandani, hapa mjini, akidhani ananifundisha. Nilimwambia ni mzuri. Sikusema ni wa mama. Sikujua kama ni jambo la kujisifu.

Mzee yule baadaye alihamisha mifugo yake kuelekea Mngeta, na mama akamsahau, kama unavyomsahau mtu uliyemtungia mstari na mstari ukabaki.

Mdogo wangu ni dereva wa trekta huko Mngeta, kwenye shamba kubwa la mpunga. Ni mtu mzuri, mkimya, na umri ulikuwa unakwenda. Mama alikuwa amefika mahali pa kusema mbele za watu, “Huyu atanizalia trekta dogo.” Ndipo akaja na habari za msichana anayeuza duka la pembejeo, Msukuma, mcheshi, anayemcheka mdogo wangu mpaka mdogo wangu naye anacheka. Mama alimpenda kabla hajamwona. Alipomwona alimpenda zaidi. Hakuuliza kabila wala kanisa. Mshenga, ambaye ni mjomba wetu, akatumwa na posa.

Aliporudi tulikuwa uani, mama anatwanga.

“Wametupokea vizuri sana, dada,” mjomba akasema. “Watu wa heshima.”

“Na mzee mwenyewe yukoje?”

“Mrefu. Mpole. Ana kofia ya pama. Alitutembeza zizini, dada, akatutajia ng’ombe wake wote majina. Zamani waliwahi kukaa huku kwetu Mbingu, ng’ambo ya kijito.”

Mama aliuachia mchi. Akakaa palepale, juu ya ukingo wa kinu.

Tangu siku hiyo hakulala vizuri. Nilikuwa nikija Mbingu jioni namkuta ameketi, anahesabu watu watakaokuja harusini, si kwa ajili ya chakula, ila kwa ajili ya midomo yao.

“Huyu anaujua. Huyu anaujua. Yule ndiye aliyeupeleka Mlimba. Akiusikia yule mzee, atasimama, atamshika binti yake mkono, wataondoka, na mdogo wako atarudi kwa trekta lake.”

“Mama, ni zamani.”

“Majina ya ng’ombe wote anayakumbuka. Tusi langu ndilo atakalosahau?”

Nilijaribu kuwa mwadilifu. Nilimwambia kwamba labda, kwa haki, angetangulia kwenda kwa yule mzee na kumwomba radhi kabla ya siku yenyewe, ili mambo yawe wazi.

“Radhi ya nini? Mimi niliimba na ndege.”

Ndipo ile amri ikatoka.

Ningeitii bila shida kama mjomba asingerudi, siku chache kabla ya harusi, na ujumbe kutoka ukweni. Nilikuwa kibandani naziba pancha. Alipiga kengele ya baiskeli ya mteja kabla ya kusema, jambo analofanya akiwa na habari asizozipenda.

“Baba wa bibi harusi hana masharti. Ameomba kitu kimoja tu. Siku ya sherehe, akiingia, upigwe ule wimbo wa ng’ambo.”

“Upi? Wa kwao, wa ngoma? Wa bendi? Wa kwaya?”

“Alisema ule wimbo wa ng’ambo. Akacheka kidogo.”

“Alicheka vipi, mjomba?”

“Kama mtu anayecheka.”

“Kwa wema?”

Mjomba akafikiri. Ni mkweli, ndiyo maana ni mshenga. “Sikuweza kuona. Kofia ilikuwa imeshuka.”

Sasa fikiria. Mama amekataza, mkwe ameomba, na mimi nina spana mkononi. Nilimwandikia mama kichwani mwangu maelezo mengi mazuri na sikumpa hata moja. Nilikwenda kwa kijana wa muziki, tuliyemkodi na spika zake, nikamweleza shida bila kutaja mstari.

“Mzee wangu, usiwaze,” akasema. “Ningoje Ng’ambo ninayo yote. Ya kizamani ipo, ya kwaya ipo, ya Wasukuma ipo, ya stendi ipo, na ninayo mix yangu mwenyewe nimeziunga zote. Hiyo ukiweka watu wanapanda juu ya meza.”

“Hakuna mtu apande juu ya meza. Weka ya kwaya.”

“Ya kwaya? Kwenye harusi? Mzee, unataka kuzika?”

Lakini nilikuwa nimeamua, na niliona nimeamua kwa akili. Mkwe ameomba wimbo, atapata wimbo. Mama ameogopa matusi. Nani anatukana kwenye wimbo wa Bwana? Hata tarumbeta hazimo, kwa hiyo hata ile nafasi ya maneno haimo. Nilijiona mtu wa busara kuliko ninavyojiona siku nyingine. Yule bibi wa benchi la mbele hakunijia akilini, wala mikono ya wanawake wa Mbingu.

Sherehe ilifanyika Mbingu, mchana, chini ya maturubai, baada ya kanisa. Upande wetu walikaa shangazi zangu wote na wanawake wa madunguni, wamevaa sare za kitenge. Upande wa pili walikaa wakwe, wazee kwa vijana, wengi na wenye heshima. Mama alikaa katikati mbele, ameshika mkoba mapajani kwa mikono miwili. Aliniita kwa kidole.

“Wimbo umeliwa na panya?”

“Mama, kuna kitu kidogo...”

Sikumaliza, kwa sababu mshereheshaji alikuwa ameshapaza sauti kuwakaribisha wazazi wa bibi harusi, na kinanda cha kwaya kikaanza. Mama alinitazama. Nimetazamwa na mama mara nyingi maishani, lakini si kwa namna ile. Nikaenda nyuma ya spika kuangalia waya.

Mzee akaingia. Kofia ileile, au ndugu yake. Anatembea polepole na mkewe, fimbo mkononi, anatikisa kichwa kwa kupenda. Kwaya ikaimba ubeti wote kwa utulivu, ningoje ng’ambo, kiti changu, na nikaanza kupumua. Halafu ubeti ukaisha, na kinanda kikashuka taratibu.

Kofi. Moja, kubwa, la wanawake wote wa Mbingu kwa pamoja, kama mlango uliofungwa na upepo.

“Swaaa!”

Wakwe wakaruka vitini. Na hapo bado tungeweza kupona, tungesema ni furaha, ni mila. Lakini ilikuwa ni pale pa tarumbeta. Kwaya haina tarumbeta, ila miili ya wale wanawake inayo. Shangazi yangu mkubwa, ambaye naamini kabisa hakukusudia, alifumba macho na kuanzisha: “Mwenye ng’ombe, e mwenye ng’ombe...” Wengine wakampokea kama wanavyompokea siku zote. Wakaenda nao, kila ndama wamjua jina, kwa sauti tatu tofauti, vizuri sana, nalisema kwa haki, mpaka wakafika “huyu ni wa nani” na mmoja baada ya mwingine wakamwona mwanamume mrefu mwenye kofia amesimama mbele yao. Ukelele wa mwisho haukutoka. Makofi yaliganda hewani. Kijana wa muziki akazima kwaya, jambo ambalo sikumwambia alifanye.

Mdogo wangu alikuwa na rangi ya majivu ndani ya suti. Mama hakuinua macho kutoka kwenye mkoba wake.

Mzee akanyoosha mkono kwa mshereheshaji. Akapewa kipaza sauti.

“Mwadila,” akawasalimu watu wake, wakamwitikia. Kisha akatugeukia sisi. “Nawasalimu wazazi wenzangu. Nimeomba wimbo huu mwenyewe. Naona mmeniletea wa kanisani kwanza. Nikasema, haidhuru, utafika tu.”

Hakuna aliyecheka. Tulikuwa hatujajua kama ni ruhusa.

“Mstari huu ninaujua. Nilifundishwa na huyu.” Akaonyesha kwa fimbo, na fimbo ikamwendea bibi harusi. “Alikuwa mdogo. Alikwenda kuamia ndege na watoto wenzake kwenye mashamba ya watu, jioni akarudi nyumbani anaimba. Anaimba mbele yangu, na wageni wapo. Hajui anamwimba nani. Nikamwuliza, mwenye ng’ombe huyo ni nani? Akaniambia, sijui baba, ni mjinga mmoja.”

Bibi harusi alijifunika uso kwa shada la maua. Mabega yake yalikuwa yanacheka.

“Nilikasirika. Siku nzima nilikasirika. Siku ya pili nikamwita, nikakosea jina.” Akaegemea fimbo yake. “Basi. Tangu hapo asubuhi nikiamka, kabla ya kwenda zizini, nawataja wanangu kwanza. Kijana wa muziki, tia ngoma. Ngoma tu.”

Kijana akatia ngoma ya Kisukuma, ile nzito. Na mzee akaimba, kwa sauti kubwa ambayo haikuhitaji kile chombo, mstari wa mama, alivyougeuza yeye:

Mwenye ng’ombe nimevuka, nimevuka,
kila ndama namjua jina,
mtoto wangu akiniita baba
namwitikia...

Hapo akaanza kuwataja watoto wake, wa kwanza, wa pili, na kuendelea. Majina yakazidi mstari. Yakazidi na ngoma, ikabidi kijana wa muziki airudishe mwanzo. Kila aliyetajwa alisimama mahali alipo, wengine na watoto wao mgongoni. Alipofika katikati alikwama. Alikwama kweli, fimbo ilibaki juu. Mkewe akamnong’oneza. Ningeweza kuliacha hilo, maana habari ingekuwa nzuri zaidi bila yake, lakini lilitokea na watu wote waliliona.

Na katika kimya kile cha kukwama, ilitoka moja tu, kavu, kutoka kiti cha mbele.

“Swaaa,” akasema mama.

Nafikiri hakukusudia. Nafikiri hata yeye ni mwili. Lakini mzee aliinama kwa kicheko mpaka kofia ikaanguka, na pale ndipo turubai lote likalipuka. Akamalizia majina, la mwisho likiwa la bibi harusi, na wanawake wetu wakampigia kofi lao linalostahili.

Ungedhani imekwisha. Mama alisimama, akampa shangazi mkoba, akamwendea mzee pale katikati. Tukajua anakwenda kuomba radhi, na mimi nikajiambia kwamba hatimaye ushauri wangu umefanyiwa kazi. Alichukua kipaza sauti.

“Mzazi mwenzangu, umeuharibu.”

“Nimeuharibu?”

“Mstari wa tatu unashuka, haupandi. Mtoto waa-ko. Unashuka. Wewe umeupandisha kama unaita ng’ombe.”

“Mzazi mwenzangu, mimi sijauharibu. Nimeumalizia.”

“Nani alikwambia ulikuwa haujaisha?”

Akauimba wote, mbele ya wakwe, mbele ya padri, bila aibu yoyote, ili asikie unavyoshuka. Mzee akaurudia, akaupandisha vilevile. Mama akaurudia. Bibi harusi na mdogo wangu walishaanza kula.

Wanabishana mpaka sasa. Msimu wa ndege uliofuata mzee alikuja Mbingu kutembelea, akakaa na mama chini ya dungu letu. Mama hapandi tena kwa ajili ya magoti, ila sauti yake inapanda. Mzee anasema bendi yenyewe ilipandisha pale. Mama anasema bendi yenyewe ilikosea. Wameniuliza mimi, kama mwenye muziki, na nimewaambia kwa haki kwamba nimesikiliza matoleo yote niliyo nayo kwenye simu, bendi inapandisha, kwaya inashusha, wa stendi hajulikani anafanya nini, na kwa hiyo siwezi kusema. Hakuna aliyeridhika.

Siku hiyohiyo, nikiwa naondoka na baiskeli, nilisikia nyuma yangu mahali pa tarumbeta pamepata maneno mapya. Ilikuwa sauti ya mama, ikipokelewa na wakwe zake wote wawili, baba na binti:

Fundi wa spana, e fundi wa spana,
wimbo waufunga kwa nati,
mama na mkwe wakitazamana
wajificha nyuma ya spika.

Swaaa!

Mimi sikujificha. Nilikuwa naangalia waya, na kijana wa muziki anaweza kushuhudia. Nilirudi palepale kulalamika.

“Kwani wewe ni ndege?” mama akauliza.

Nikageuka, nikarudi mjini. Lakini juzi mteja mmoja, mtu wa Mlimba nisiyemjua, aliuimba kibandani kwangu huku akingoja nimzibie pancha. Nilivumilia ubeti wa kwanza. Aliporudia, nikaweka spana chini nikamwambia, ndugu yangu, hapo kwenye mama na mkwe unashuka. Haupandi.